Injini isiyo na moto wala msuguano inachakaa vipi?

Swali: "Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, Iringa. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi kuhusu injini za umeme za vyombo vya angani, zile zinazorusha ioni za gesi ya zenoni badala ya kuchoma mafuta. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama hakuna kinachoungua, na hakuna chuma kinachosugua chuma, injini hiyo inachakaa na nini? Nikamwambia pengine ni joto, lakini mwenyewe sikuridhika na jibu langu. Na kama kweli inachakaa, kwa nini wasitumie tu chuma kigumu zaidi?"

Jibu: Mwalimu, mpe hongera mwanafunzi huyo. Swali lake limewakosesha wahandisi usingizi kwa zaidi ya miaka 50. Joto lipo, lakini siyo muuaji mkuu. Injini hizi zinalika. Ioni zinadonoa kuta zake atomu moja moja, usiku na mchana, kwa maelfu ya saa, mpaka ukuta unatoboka. Na ioni zinazofanya uharibifu huo, kwa sehemu kubwa, siyo zile zinazosukuma chombo. Ni chache zilizopotea njia. Hilo ndilo ningependa wanafunzi wako walishike, kwa sababu karibu kila maendeleo ya injini hizi yametokana na mtu aliyejiuliza: hizi zilizopotea zimetoka wapi, na nani amezisukuma zikagonge hapa?

Mfano mnao darasani. Tafuta tyubulaiti iliyokaribia kufa, utazame ncha zake mbili: zimeingia weusi. Sugua kwa kitambaa, weusi hautoki, maana uko upande wa ndani wa kioo. Kila taa ilipowashwa, ioni ziligonga uzi wa tangsteni ulioko kwenye ncha pamoja na dawa iliyopakwa juu yake. Chembe zikang'oka, nyingine zikafuka kwa joto, zikaenda kutua kwenye kioo. Ndani ya tyubu ile kuna plazma (vitabu vyetu vingine huiita utegili), yaani gesi ambayo atomu zake nyingi au chache zimepokonywa elektroni, zikabaki ioni. Injini ya ioni ni ndugu wa karibu wa taa hiyo. Tofauti ni kwamba upande mmoja umeachwa wazi ili ioni zitoke.

Zinatoka kwa kasi kubwa, lakini msukumo wake ni mdogo mno. Injini ya NSTAR, iliyorushwa na NASA Oktoba 1998 ndani ya chombo cha Deep Space 1, ilikuwa na kipenyo cha sentimita 30. Ilikula umeme hadi kilowati 2.3, na msukumo wake wa juu ulikuwa milinyutoni 92. Weka karatasi mbili za A4 kiganjani; uzito unaousikia ndiyo nguvu yake, au karibu na hapo. Kwa nguvu kama hiyo huwezi kufika popote kwa dakika kumi. Lazima usukume kwa miezi na miaka. Deep Space 1 ilisukuma kwa saa 16,265 kwa jumla kabla ya kazi yake kufungwa Desemba 2001. Hapo ndipo kulika kunapokuwa jambo zito. Ukuta unaopoteza mikroni moja tu kwa saa, yaani sehemu ya elfu ya milimita, baada ya saa 5,000 umepoteza milimita 5, na kuta nyingi ndani ya injini hizi haziufikii unene huo.

Tuangalie kwanza ioni inavyodonoa. Atomu iliyo juu ya uso wa chuma imeshikwa na jirani zake kwa nishati ya elektronivolti chache (elektronivolti ni nishati ambayo elektroni moja inapata ikivuka volti moja). Kwa molibdeni ni karibu 7. Ungedhani ioni ya zenoni yenye elektronivolti 8 inatosha kuing'oa. Haitoshi, kwa sababu ioni inagonga ikielekea ndani, na atomu inatakiwa itoke nje. Msukumo huo lazima ugeuke kwa kupokezana atomu hadi atomu, kama mipira inayogongana, na kila mgongano unapunguza nishati. Kwa hiyo kuna kizingiti: chini ya makumi machache ya elektronivolti karibu hakuna kinachotoka, na juu ya hapo idadi inapanda haraka. Kikumbuke kizingiti hicho, kwa sababu sehemu nzuri kuliko zote katika habari hii imesimama juu yake.

Kuna aina mbili kuu za injini hizi, na kila moja inalika kivyake.

Ya kwanza ni ya nyavu, kama NSTAR. Mdomoni ina nyavu mbili za molibdeni, nyembamba kuliko milimita moja, zenye maelfu ya matundu yaliyopangwa sambamba, tundu kwa tundu, na kati ya wavu na wavu kuna nafasi ya kama milimita 0.6. Wavu wa ndani una volti kama 1,100 chanya, wa nje una volti karibu 200 hasi. Ioni zinapita katika matundu zikivutwa na tofauti hiyo, zinatoka nje kwa kilomita 40 kwa sekunde. Wavu wa nje umewekwa hasi kwa makusudi, ili kuzizuia elektroni zilizoko nje zisirudi ndani kinyumenyume.

Mpango ukienda sawa, hakuna ioni inayogusa wavu wa nje. Umbo la uga wa umeme linaukusanya kila mwali wa ioni katikati ya tundu lake. Shida inaanzia kwenye gesi ambayo haikupata kuionishwa. Siku zote kuna atomu za zenoni zinazovuja polepole kupitia matundu yale yale. Ioni inayokwenda kasi ikipita karibu na atomu tulivu, inaweza kuipokonya elektroni bila hata kuigonga. Ile yenye kasi sasa haina chaji na inaendelea na safari yake. Ile tulivu imegeuka ioni mahali pabaya kabisa, haina mwendo wowote, na mbele yake kuna wavu wenye volti 200 hasi. Inavutwa nyuma na kuugonga. Fizikia inaiita hali hiyo kubadilishana chaji. Wavu wa nje uliotumika muda mrefu, ukiutazama kwa upande wa nje, una vishimo na mifereji kuzunguka kila tundu, kwa mpangilio wa pembe sita unaorudiarudia kama sega la nyuki. Hakuna fundi aliyeuchora. Umechorwa na zile ioni zilizozaliwa mahali pasipostahili.

Madhara yake yalionekana mapema. Februari 1970 Marekani ilirusha setilaiti ya SERT II ikiwa na injini mbili za ioni, wakati huo zikitumia zebaki. Moja ilifanya kazi karibu miezi mitano, ya pili karibu mitatu, kisha zote zikasimama kwa ugonjwa mmoja: nyavu mbili zilipigana shoti. Chanzo kilikuwa kile kifaa kidogo pembeni kinachotoa elektroni za kusawazisha chaji. Kilikaa mahali ambapo ioni zake ziliweza kuufikia wavu wa nje, zikaula, kipande kikabanduka na kunasa kati ya nyavu. Injini nzima, zenye matangi na mitambo yake ya umeme mizima, zilisimamishwa na kijibanzi cha chuma. Dawa ilikuwa kukihamisha kile kifaa.

Deep Space 1 nayo ilitishwa vivyo hivyo. Injini yake ilipowashwa mara ya kwanza Novemba 1998, ilizima baada ya dakika nne na nusu. Wahandisi walishuku punje ya uchafu kati ya nyavu. Wiki mbili baadaye ikawaka, na ikaendelea kuwaka.

Pacha wa injini hiyo alibaki California, ndani ya pipa la ombwe, yaani lililoondolewa hewa, katika JPL, maabara ya NASA, na mimi naona huyo ndiye aliyetufundisha zaidi. Aliwashwa Oktoba 1998 na kuzimwa Juni 2003 baada ya saa 30,352 za kazi, akiwa ametumia kilo 235 za zenoni. Injini ilikuwa imebuniwa kwa saa 8,000. Wengi walitazamia nyavu zife kwanza. Kilichowashangaza kilikuwa ndani: kwenye kathodi, kile kijibomba cha kutoa elektroni katikati ya chumba cha plazma, kuna kifuniko chenye tundu dogo kinachoilinda. Tundu hilo lilianza kupanuka, likaendelea, mpaka bamba zima la mbele la kifuniko likatoweka. Injini ikaendelea kufanya kazi bila bamba hilo. Kwa chombo cha Dawn, kilichorushwa 2007 na injini tatu za aina hiyo hiyo, kifuniko kilitengenezwa kwa tantali badala ya molibdeni, kwa kuwa tantali inalika polepole zaidi. Dawn ikaizunguka asteroidi ya Vesta kuanzia Julai 2011, ikaondoka, ikaizunguka sayari kibete ya Ceres kuanzia Machi 2015. Hakuna chombo kingine kilichowahi kuingia katika mzunguko wa magimba mawili tofauti namna hiyo.

Aina ya pili ni injini ya Hall, na hii ndiyo niipendayo, kwa hiyo univumilie. Haina nyavu. Ina mfereji wa duara uliojengwa kwa kauri, mara nyingi boroni naitridi, kama sahani ya keki yenye tundu katikati. Anodi (ncha chanya ya umeme) na gesi viko chini ya mfereji, sumaku zimezungushwa ndani na nje, na kathodi iko nje. Elektroni zikitaka kuingia kuifuata anodi zinakuta mistari ya nguvu za sumaku imeufunga mlango. Zinanaswa, zinabaki zikizunguka mfereji kwa duara. Ioni ya zenoni ni nzito kuliko elektroni karibu mara 240,000, hivyo sumaku hiyo hiyo haiizuii kitu. Inarushwa nje moja kwa moja. Volteji yote inaangukia pale elektroni zilipobanwa, karibu na mdomo wa mfereji. Aleksey Morozov na wenzake wa Urusi ya Kisovieti ndio walioikamilisha, na Desemba 1971 ikapanda angani ndani ya setilaiti ya hali ya hewa ya Meteor.

Niliwahi kushika pete ya kauri iliyotolewa kwenye injini ya namna hii baada ya majaribio marefu. Upande wa ndani ulikuwa na rangi ya kahawia chafu. Ukielekea mdomoni, rangi inakatika ghafla, kauri inakuwa nyeupe kama jino lililopigwa mswaki, kwa kuwa ioni hazikuruhusu uchafu wowote ukae pale. Kutoka mstari huo ukuta unakonda na kukonda mpaka ukingo wenyewe unakata kidole. Na kwenye ukingo huo kuna vijimifereji vilivyopangana sawasawa kuzunguka duara zima, kama meno ya msumeno. Ukuta ukiisha, ioni zinaanza kula vyuma vya sumaku vilivyojificha nyuma yake, na injini inahesabiwa kuwa imemaliza umri.

Ioni zimefikaje ukutani wakati zilitakiwa zitoke mbele? Wanafunzi wako waelewe mambo mawili hapa. Kwanza, ukuta wowote unaogusa plazma unapata chaji hasi, kwa sababu elektroni ni nyepesi na zinafika kabla ya ioni. Unatokea utando mwembamba wa umeme unaozivuta ioni kuelekea ukutani, na kadiri elektroni zilivyo na joto, ndivyo utando unavyovuta kwa nguvu. Pili, elektroni zinatembea kwa urahisi kufuata mstari wa sumaku, na kwa taabu kuukata. Kwa hiyo kila mstari wa sumaku unakuwa na halijoto moja ya elektroni, na volteji inayokaribiana kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika injini za zamani, mistari iliyopita katikati ya eneo la moto iliishia moja kwa moja kwenye ukuta karibu na mdomo. Elektroni za moto zikafikishwa ukutani, utando ukawa mkali, na ioni zilizokwisha kupata kasi zikageuziwa ukutani. Kizingiti kikavukwa.

Mwaka 2010 jambo likajitokeza. Injini ya Hall iitwayo BPT-4000 ilikuwa imefanyiwa majaribio ya umri ya saa zaidi ya 10,000. Kwa saa 5,600 za kwanza hivi ukuta wake ulilika kama kawaida. Kisha ukaacha kulika. Vipimo havikuonyesha tena upungufu. Watafiti wa JPL, akina Ioannis Mikellides, Ira Katz, Richard Hofer na Dan Goebel, wakakaa kulifumbua. Walikuta kwamba ukuta ulikuwa umelika mpaka ukapata umbo linalolingana na mistari ya sumaku. Mistari ile haikuugonga tena. Iliparaza kona yake na kuingia ndani kabisa kuelekea anodi, ambako elektroni zimepoa hadi elektronivolti chache. Mstari ukiwa na halijoto moja na volteji karibu moja, basi plazma inayougusa ukuta ni ile ya anodi: imepoa, na volteji yake bado iko juu. Ioni iliyo pale haijaanguka popote, haina kasi, na utando wa ukuta hauna nguvu ya kuipa kasi ya maana. Inagonga ukuta chini ya kizingiti na haing'oi kitu.

Wakachukua injini ya maabara ya kilowati 6, wakaibadilisha sumaku na kona za mfereji kufuata wazo hilo, wakaiwasha. Kulika kwa kuta kukapungua kwa mara mamia hadi elfu. Dalili ya kwanza hata haikuhitaji kipimo. Pipa la ombwe limefunikwa ndani kwa grafiti, ambayo ni kaboni, na mwali wa injini unaidonoa grafiti hiyo, kaboni kidogo inarudi na kutua juu ya injini. Katika injini ya kawaida mdomo unabaki mweupe, kwa sababu kaboni inafutwa mara inapotua. Katika hii, kuta zilikuwa nyeusi mpaka ukingoni. Kwa macho ya mgeni ni injini iliyochafuka. Kwa aliyeizoea, weusi ule ulimwambia kwamba ioni haziji tena hapa.

Injini zile zile za BPT-4000 ziliokoa setilaiti mwaka huo huo. AEHF-1 ya jeshi la Marekani ilirushwa Agosti 2010, injini yake kuu ya mafuta ikagoma, ikabaki katika mzunguko usiofaa. Injini za Hall, ambazo hazikukusudiwa kubeba sehemu kubwa hivyo ya safari, ziliipandisha polepole, na Oktoba 2011 ikafika mahali pake. Kazi ya miezi michache ikachukua 14, lakini setilaiti haikupotea.

Sasa suala lako la chuma kigumu, Mwalimu. Ugumu tunaupima kwa kukwaruza na kuminya, na ioni haikwaruzi. Inashughulika na atomu moja: imeshikwa kwa nguvu gani, na uzito wake unalinganaje na uzito wa ioni. Ndiyo maana grafiti, laini kiasi cha kuandikia penseli, chini ya ioni za zenoni inalika polepole kuliko molibdeni na tangsteni. Wajapani walitumia nyavu za kaboni katika chombo cha Hayabusa, kilichorudi duniani Juni 2010 na vumbi la asteroidi ya Itokawa. Hata hivyo kaboni inavunjika kirahisi, na roketi inatikisa vibaya wakati wa kuondoka, hivyo chaguo si rahisi. Boroni naitridi nayo ni laini kiasi cha kuchongeka kwa vyombo vya kawaida vya karakana; ilichaguliwa kwa jinsi inavyopokea elektroni na kustahimili joto. Nyenzo bora huongeza umri mara mbili, pengine mara tatu. Kugeuza njia ya ioni ndiko kulikoleta mara mia.

Kazi haijaisha. Mfereji ulipopona, kilichoonekana kulika ni uso wa vyuma vya sumaku upande wa mbele, ambao zamani hakuna aliyeujali kwa kuwa mfereji ulikufa kabla yake. Sasa unafunikwa kwa bamba za grafiti. Na kompyuta bado haziwezi kutabiri umri wa injini ya Hall peke yake, kwa sababu elektroni zinavuka uga wa sumaku haraka kuliko migongano ya kawaida inavyoruhusu. Mawimbi madogo ndani ya plazma yanazisaidia kuvuka, na programu nyingi bado zinawekewa kiwango cha kuvuka huko kwa mkono, kutokana na vipimo. Kwa hiyo njia ya kuaminika imebaki kuiwasha injini na kusubiri. Injini ya nyavu ya NEXT ilikaa ndani ya pipa huko NASA Glenn, Cleveland, kwa saa 51,184 za kazi, karibu miaka sita ya kuwaka, ikapitisha zaidi ya kilo 900 za zenoni kabla ya kuzimwa kwa hiari mwaka 2014.

Kwa darasa lako ningewapa hesabu moja. Nusu ya uzani mara kasi mraba ni sawa na chaji mara volteji. Uzani wa atomu ya zenoni ni 131 katika vizio vya uzani wa atomu. Kwa volti 300 watapata kilomita 21 kwa sekunde, kasi ya ioni inayosukuma chombo. Kisha warudie kwa volti 20. Watapata kilomita 5.4 kwa sekunde, zaidi ya mara 15 ya kasi ya sauti hewani, na ioni yenye kasi hiyo ikigonga ukuta karibu haing'oi kitu. Waache wabishane kwanza ni kwa nini, kabla hujawaeleza habari ya kizingiti. Na ile tyubulaiti, waonyeshe ikiwa nzima tu. Isivunjwe, ina zebaki ndani.